Kalamazoo na Swali la Kura: Nani Mwenye Haki ya Kuamua Namna ya Kuchagua?

Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya uchaguzi wa kura tatu, huwapo mwanafunzi mmoja anayeuliza swali ambalo vitabu vyetu vya historia huliruka. Nimekwisha kueleza kwamba katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Nimekwisha kueleza mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ambapo Mwalimu Nyerere aliwashawishi wenzake waliotaka kususia waingie katika uchaguzi huo pamoja na ubaya wake. Nimekwisha kusema kwamba wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda. Ndipo mkono hunyoshwa kutoka viti vya nyuma: "Dokta, kwani utaratibu huo aliupitisha nani?"

Jibu ni fupi. Aliupitisha mkoloni. Waliopiga kura hawakuulizwa kama walitaka kupiga kura namna hiyo. Waliachiwa haki ya kuchagua watu, hawakuachiwa haki ya kuchagua utaratibu wa kuwachagua watu hao. Hizi ni haki mbili tofauti, na sisi wanazuoni wa siasa tumezoea kuijadili ya kwanza na kuisahau ya pili.

Leo nataka kuijadili hiyo ya pili kwa kupitia mahali palipo mbali na kwetu: miji ya Marekani, na hasa ya jimbo la Michigan. Huko kuna mgogoro uliodumu zaidi ya miaka 100 juu ya jambo moja: je, mji unaruhusiwa kuamua wenyewe kwamba wananchi wake watapiga kura kwa kuwapanga wagombea, wa kwanza, wa pili, wa tatu, badala ya kuweka alama kwa mmoja tu?

Kura ya mpangilio ni nini?

Tuelewane kwanza juu ya utaratibu wenyewe, ambao nitauita kura ya mpangilio. Mpiga kura anaandika 1 kwa mgombea anayempenda kuliko wote, 2 kwa anayemfuata, na kuendelea kadiri apendavyo. Ikiwa kiti ni kimoja, kwa mfano cha meya, zinahesabiwa kwanza namba 1. Akipatikana mwenye zaidi ya nusu, shughuli imekwisha. Asipopatikana, mgombea wa mwisho anaondolewa, na karatasi zake zinahamishiwa kwa wale walioandikwa namba 2. Hesabu inarudiwa hivyo hadi apatikane mwenye zaidi ya nusu ya kura zilizobaki.

Ikiwa viti ni vingi, kama vya baraza la madiwani, kinawekwa kiwango cha kura zinazotosha kupata kiti. Penye viti tisa, kiwango hicho ni kama sehemu moja ya kumi ya kura zote. Aliyezidisha kiwango, ziada yake inahamishiwa kwa chaguo linalofuata. Aliye mkiani anaondolewa na kura zake zinahamishwa vilevile. Matokeo yake ni kwamba kundi lenye sehemu moja ya kumi ya wapiga kura haliwezi kufungiwa nje ya baraza, na kundi lenye wingi haliwezi kuzoa viti vyote.

Wazo hili ni la karne ya 19. Mwingereza Thomas Hare alilitetea katika miaka ya 1850, na Carl Andræ wa Denmark alifikia wazo kama hilo wakati huohuo. Utaratibu wa kiti kimoja ulibuniwa Marekani na William Robert Ware, profesa wa usanifu majengo, mnamo miaka ya 1870. Hesabu zake, basi, zilikwisha kupatikana zamani. Kilichobaki ni swali la madaraka.

Majaji wawili na mji mmoja

Mwaka 1868 jaji John Dillon wa jimbo la Iowa aliweka kanuni inayotajwa hadi leo: mji ni kiumbe cha bunge la jimbo. Unaweza kufanya yale tu ambayo bunge hilo limeuruhusu, na penye shaka, mji hauna mamlaka. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1871, jaji Thomas Cooley wa Michigan alikataa mawazo hayo. Bunge la jimbo lilikuwa limejiteulia wajumbe wa bodi ya kuendesha kazi za umma za mji wa Detroit, na Cooley akasema serikali ya mahali ni haki kamili ya wananchi, ambayo jimbo haliwezi kuwanyang'anya. Kwa jumla, kanuni ya Dillon ndiyo iliyoshinda katika mahakama za nchi ile. Hata hivyo majimbo mengi, yakisukumwa na wanamageuzi, yaliingiza katika katiba zao kifungu cha kuipa miji uwezo wa kutunga hati yake yenyewe, yaani katiba ndogo ya mji. Michigan ilifanya hivyo kwa katiba ya mwaka 1908. Ohio ikafuata mwaka 1912.

Mlango ulipofunguliwa, miji iliingia. Ashtabula, mji mdogo wa Ohio, ulikuwa wa kwanza kupitisha kura ya mpangilio kwa baraza lake, mwaka 1915. Ikafuata miji ipatayo dazeni mbili, ikiwamo Cleveland, Cincinnati na New York.

Kalamazoo, Michigan, ilikuwa miongoni mwa ile ya mwanzo. Wananchi wake walipitisha hati mpya mwaka 1918 na kuchagua baraza lao kwa kura ya mpangilio. Haukupita muda shauri likafika Mahakama ya Juu ya Michigan: kesi ya Wattles dhidi ya Upjohn. Mwaka 1920 mahakama ikaamua kwamba utaratibu ule unavunja katiba ya jimbo. Hoja yake ilikuwa kwamba katiba inampa kila raia haki ya kupiga kura katika kuchagua maofisa wote, ilhali kwa kura ya mpangilio kura ya mtu hatimaye humhesabia mgombea mmoja tu. Mahakama ya California nayo iliuzuia mji wa Sacramento kwa namna hiyohiyo muda mfupi baadaye.

Mji huu ulifuata njia ya halali na wananchi wake walipiga kura. Hakuna aliyedai kwamba uchaguzi uliibwa au kwamba mtu alionewa kwenye kituo. Pamoja na hayo yote waliambiwa: hilo si lenu kuamua.

Palipofanya kazi, kwa nini palifutwa?

Mtu anaweza kusema, huenda majaji waliwaepusha na balaa. Tutazame basi miji ambayo haikuzuiwa.

New York kwanza. Katika uchaguzi wa mwaka 1935, chini ya utaratibu wa zamani, chama cha Democratic kilipata takriban theluthi mbili ya kura na kikachukua viti 62 kati ya 65. Mwaka uliofuata wananchi walipitisha kura ya mpangilio, ikaanza kutumika mwaka 1937. Baraza likapata wajumbe wa vyama vingi. Mwaka 1941 Adam Clayton Powell Mdogo akawa mtu mweusi wa kwanza kuingia humo. Wakaingia pia wakomunisti wawili, Peter Cacchione na Benjamin Davis, na hapo ndipo maadui wa utaratibu huo walipopata silaha. Vita Baridi ilipoanza, mwaka 1947, wananchi waliombwa waufute ili kuwaondoa wakomunisti, nao wakaufuta. Uchaguzi uliofuata, mwaka 1949, chama cha Democratic kilipata zaidi kidogo ya nusu ya kura na kikachukua viti 24 kati ya 25.

Cincinnati inaumiza zaidi. Mji huo ulipitisha kura ya mpangilio mwaka 1924 ili kuvunja nguvu za genge la kisiasa lililoutawala kwa miongo kadhaa, na ukaja kusifiwa kwa uendeshaji wake safi. Theodore Berry, wakili mweusi, aliingia barazani katika uchaguzi wa mwaka 1949, na baada ya uchaguzi wa mwaka 1955 akawa naibu meya. Kwa kuwa meya alichaguliwa na madiwani wenyewe kutoka miongoni mwao, mji ulianza kunong'ona: huyu huenda akawa meya. Majaribio manne ya kuufuta utaratibu yalikuwa yamekwisha kushindwa. La tano, mwaka 1957, lilifaulu, na hofu ya kuwa na meya mweusi ndiyo iliyolisukuma. Katika uchaguzi uliofuata, chini ya utaratibu mpya, Berry alikosa kiti. Alikuja kuwa meya mwaka 1972, miaka 15 baadaye.

Msomaji makini ataona ugumu uliojificha hapa, nami sitaki kuufunika. Cincinnati haikuzuiwa na jaji wala na bunge la jimbo. Ni wananchi wa mji wenyewe waliojiamulia, na waliamua kwa chuki. Anayetetea haki ya mji kuamua namna ya kuchagua lazima ajibu: je, mji ukiamua vibaya?

Ann Arbor: kura 121, kisha kura moja

Turudi Michigan. Ann Arbor ni mji wa chuo kikuu. Umri wa kupiga kura uliposhushwa hadi miaka 18 mwaka 1971, wanafunzi waliingia kwenye siasa za mji, na chama kidogo cha Human Rights kikapata madiwani. Mwaka 1973 mgombea wa Republican, James Stephenson, alichaguliwa meya kwa chini ya nusu ya kura, kwa sababu wapinzani wake waligawana kura zao. Jambo hilo tunalijua wote: wawili wakigombana, wa tatu hujichukulia. Mwaka 1974 wananchi wakapitisha kura ya mpangilio kwa kiti cha meya.

Aprili 1975 Stephenson aliongoza tena kwa namba 1, akiwa na asilimia 49. Albert Wheeler wa chama cha Democratic, mwanasayansi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Michigan, alipata asilimia 40. Mgombea wa Human Rights alipata 11. Karatasi za huyu wa tatu zilipohamishwa, nyingi zilimwendea Wheeler, naye akashinda kwa kura 121, akawa meya mweusi wa kwanza wa mji huo. Stephenson alikwenda mahakamani. Mahakama ikaona utaratibu ni halali. Lakini mwaka 1976 wananchi waliitwa tena kwenye kura ya maoni, na wakaufuta.

Mwaka 1977 Wheeler aligombea chini ya utaratibu wa kawaida na kushinda kwa kura moja. Ikagundulika kwamba watu wapatao 20 waliopiga kura walikuwa wakiishi nje ya mpaka wa mji bila wao wenyewe kujua. Kesi ikafuata, uchaguzi ukarudiwa mwaka 1978, na Wheeler akashindwa. Nalitaja hili ili tusidanganyane kwamba utaratibu wa kawaida hauna mikosi yake.

Tuwasikilize wanaopinga

Wanaopinga wana hoja, na si zote za wivu. Ya kwanza ni kwamba mshindi anaweza asiwe yule ambaye mji ungeridhika naye zaidi. Mfano wao ni Burlington, Vermont. Mwaka 2009 Kurt Wright wa Republican aliongoza kwa namba 1 akiwa na takriban asilimia 33, Bob Kiss wa chama cha Progressive alikuwa na 29, na Andy Montroll wa Democratic 23. Montroll aliondolewa, na Kiss akamshinda Wright. Lakini karatasi zenyewe zilionyesha kwamba Montroll angepambanishwa ana kwa ana na Kiss, angeshinda, na angepambanishwa na Wright, angeshinda pia. Aliyekubalika na wengi zaidi ndiye aliyetolewa mapema. Mwaka 2010 wananchi waliufuta utaratibu.

Ya pili ni kwamba zipo kura zinazoishia njiani. Mpiga kura asiyepanga wagombea wa kutosha anaweza kujikuta karatasi yake haina sauti katika hesabu ya mwisho. Katika kura za mchujo za chama cha Democratic kwa kiti cha meya wa New York mwaka 2021, Eric Adams alimshinda Kathryn Garcia kwa kura 7,197, ilhali karatasi takriban 140,000 zilikuwa zimeishia njiani. Ya tatu ni kwamba hesabu huchelewa, na penye kuchelewa huzaliwa shaka. Sisi tunaoishi katika nchi ambako saa za kusubiri matokeo ni saa za hatari hatuwezi kuicheka hoja hiyo.

Nazikubali zote tatu kuwa hoja za kweli. Ninachokataa ni hitimisho linalotolewa kwazo, kwamba kwa hiyo ngazi ya juu izuie. Burlington yenyewe inatuonyesha njia nyingine. Ilijaribu, haikuridhika, ikafuta. Miaka 11 baadaye, mwaka 2021, wananchi walewale wa mji walipiga kura kuurudisha kwa ajili ya madiwani, na kisha mwaka 2023 kwa ajili ya meya. Mji ulijifunza kwa kosa lake, ukapima tena. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Linganisha na Memphis, Tennessee. Wananchi walipitisha kura ya mpangilio mwaka 2008. Mwaka 2018 waliulizwa kama wanataka kuifuta, wakakataa. Haikuwahi kutumika hata mara moja, na mwaka 2022 bunge la jimbo likaipiga marufuku katika jimbo zima. Florida ilifanya hivyo mwaka huohuo, ingawa mji wa Sarasota ulikuwa umeikubali tangu mwaka 2007. Burlington iliamua vibaya au vyema, lakini iliamua. Memphis iliamua mara mbili, ikaambiwa haikuamua.

Ipo na njia ya katikati, nayo ni ya kale. Mwaka 1938 jimbo la Massachusetts lilitunga sheria iliyoupa kila mji hiari ya kuchagua madiwani kwa kura ya mpangilio, kwa sharti kwamba wananchi waamue kwa kura ya maoni. Halikumlazimisha mtu. Cambridge ilikataa mwaka huohuo wa 1938, ikakubali mwaka 1940, ikaanza mwaka 1941, na inautumia utaratibu huo hadi leo. Kwa zaidi ya nusu karne kura zilihesabiwa kwa mikono kwa siku kadhaa, na mji haukuungua. Jimbo liliufunga mlango huo kwa miji mingine mwaka 1972, lakini Cambridge ikaachwa iendelee.

Kalamazoo tena

Novemba 2023 wananchi wa Kalamazoo waliingia vituoni na kuulizwa tena swali waliloulizwa babu zao mwaka 1918. Wakajibu ndiyo. East Lansing na Royal Oak wakajibu hivyohivyo siku hiyo, kama Ann Arbor ilivyokuwa imejibu mwaka 2021 na Ferndale mwaka 2004. Lakini ndiyo ya Kalamazoo, kama ile ya Ann Arbor, ilifungwa kwa sharti: utaratibu utaanza pale sheria ya jimbo itakaporuhusu. Mji wa Michigan uliofanikiwa kuutumia ni Eastpointe, mwaka 2019, tena si kwa ruhusa ya jimbo: ulikuwa umeshitakiwa na serikali ya shirikisho kwamba uchaguzi wake ulizifuta sauti za wakazi weusi, na kura ya mpangilio ikawa sehemu ya suluhu.

Eastpointe inanipa jibu la lile swali la Cincinnati. Serikali ya juu ina kazi yake: kuweka sakafu ambayo hakuna mji unaoruhusiwa kwenda chini yake. Kila mtu mzima apige kura, kura iwe ya siri, asiwepo wa kubaguliwa. Haki hizo hazijadiliwi na diwani yeyote. Lakini kazi ya kuweka sakafu haimpi mtu ruhusa ya kuweka dari. Mji unaotaka kuwapa wananchi wake sauti pana zaidi ya ile waliyopewa na sheria ya juu hauna sababu ya kuinamishwa kichwa.

Nirudi nyumbani. Katiba yetu, ibara ya 146, inasema lengo la kuwapo kwa serikali za mitaa ni kuyapeleka madaraka kwa wananchi. Tunajua jinsi madaraka hayo yalivyo mepesi kuondoka. Serikali hizo zilifutwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Leo mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa kwa kanuni zinazotungwa na waziri mwenye dhamana, na diwani huingia kwa kura nyingi hata zikiwa chini ya nusu. Wenzetu wa Kenya wanamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, lakini gavana wa kaunti haombwi hivyo. Sisemi kwamba kura ya mpangilio ndiyo dawa yetu. Nasema kwamba hakuna mji wetu hata mmoja wenye uwezo wa kuijaribu, wala wa kujaribu jambo lingine lolote la namna hiyo, na hilo lenyewe lingepaswa kutushughulisha.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu: siku mtakapoketi kurekebisha sheria hizi, kumbukeni sheria ya Massachusetts ya mwaka 1938. Hiari ya mji, kura ya maoni, na haki ya kurudi nyuma. Kwa wanaharakati: msidai utaratibu mpya kabla ya kudai haki ya kuuamua, kwa maana kile mtakachopewa bila haki hiyo kitaondolewa siku mtakaposhinda nacho. Wheeler na Berry walilijua hilo.

Na kwa yule mwanafunzi wa viti vya nyuma: swali lako la kura tatu halikuisha mwaka 1958. Kalamazoo bado wanaliuliza. Ni zamu yetu kuanza.